Masomo Mawili Katika Shahada Moja: Je, Mshika Mbili Moja Humponyoka?

Jioni moja, mvua zilipokuwa zimeanza kunyesha hapa Juba, jirani yangu alinijia nyumbani akiwa bado amevaa sare za kazi. Yeye ni sajini wa polisi, mtu wa maneno machache, wala si desturi yake kubisha hodi wakati watu wanakula. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilipompa kiti aliikunjua juu ya meza, akainyosha kwa kiganja, akasema: "Mwalimu, nisomee hii pole pole. Binti yangu anataka niitie sahihi, nami siwezi kutia sahihi jambo nisilolielewa."

Mtu akishawahi kushika chaki, jina la mwalimu halimtoki hata akihamia ofisini. Siku hizi mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili na barua. Lakini cheti changu cha ualimu bado kimo sandukuni, na majirani wanalijua hilo.

Karatasi ile ilikuwa fomu ya kuomba nafasi katika chuo kikuu. Binti alikuwa amefaulu mtihani wa kumaliza sekondari, na pale alipotakiwa kuandika somo atakalosoma, aliandika mawili: Hisabati na Jiografia, pamoja na mafunzo ya ualimu. Hapo ndipo baba yake alipokwama.

"Mtoto huyu nimemsomesha kwa shida," alisema. "Mara nyingine mshahara ulichelewa, mama yake akauza chai sokoni ili ada ilipwe. Leo ameambiwa achague, naye badala ya kuchagua anashika mambo mawili kwa mpigo. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa nini asishike hesabu peke yake, akamaliza, akapata kazi ya uhasibu?"

Mkewe alikuwa amemfuata nyuma, akasimama mlangoni. Akajibu kwa sauti ya chini: "Baba watoto, wazee hao hao walisema figa moja haliinjiki chungu."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Methali zote mbili ni za kweli, na katikati yake amesimama msichana mmoja na maisha yake yote. Ndugu msomaji, najua ya kuwa katika kambi zetu za askari na katika nyumba za polisi ziko fomu nyingi za namna hii mezani, na baba na mama wanazitazama bila kujua waseme nini. Kwa hiyo nimeona yafaa tuzungumze jambo hili kwa utaratibu, tuone ni lini masomo mawili huwa mafiga ya chungu kimoja, na ni lini huwa zile njia mbili zilizomshinda fisi.

SHAHADA YA NAMNA HII NI KITU GANI?

Watu wengi hudhani ya kwamba mwanafunzi anayesoma masomo mawili katika shahada moja hubeba mzigo mara mbili ya wenzake. Sivyo. Chuo kikuu hupima kazi ya mwanafunzi kwa idadi ya kozi anazopaswa kuzimaliza kila mwaka. Yule wa somo moja hutumia karibu kozi zake zote katika idara moja; yule wa masomo mawili huigawa idadi hiyo baina ya idara mbili.

Mfano wake ni mama mwenye shamba moja dogo. Akipanda mtama mtupu atavuna mtama mwingi. Akipanda mtama na kunde pamoja, mtama utapungua kidogo, lakini atapata kunde za chungu na majani ya mboga. Shamba halikuongezeka hata hatua moja. Kilichobadilika ni namna ya kulipanda. Basi mzazi asidanganyike kwamba mwanawe atatoka chuoni na elimu maradufu. Atatoka na elimu ya upana, na kwa upana huo atakuwa amelipa kwa kina. Mwenzake wa somo moja atakuwa amechimba zaidi mahali pamoja.

Kadhalika, hapana budi kutofautisha mipango mitatu ambayo watu huichanganya. Wa kwanza ni wa nusu kwa nusu, ambamo masomo yote mawili yana uzito sawa. Wa pili ni wa somo kuu na somo dogo, ambamo moja huchukua sehemu kubwa na jingine husindikiza. Wa tatu ni wa shahada mbili kamili, ama kwa pamoja, ama moja baada ya nyingine. Huu huongeza miaka, na miaka ni fedha. Ziko pia shahada ambazo masomo yake yamefungwa pamoja tangu mwanzo na chuo chenyewe. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1920, inayounganisha falsafa, siasa na uchumi. Wenyewe waliona ya kuwa mtu atakayesimamia mambo ya serikali hawezi kuielewa siasa bila uchumi, wala uchumi bila kufikiri sawasawa.

DESTURI YA AFRIKA MASHARIKI

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni hata kidogo. Mwaka 1949 Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London ili iweze kufundisha hadi kiwango cha shahada. Mwaka 1961 kilifunguliwa chuo cha Dar es Salaam. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilifungwa pamoja vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake.

Katika miaka ile nchi zilikuwa zimetoka tu kupata uhuru, na uhaba mkubwa ulikuwa wa walimu wa sekondari. Fikiria shule ya mashambani yenye walimu watano au sita. Ikiwa kila mwalimu anajua somo moja tu, masomo mengine yote yatabaki bila mwenyewe. Tena mwalimu wa somo lenye vipindi vichache atakaa chini ya mwembe nusu ya juma, hali mwenzake anachoka. Kwa sababu hiyo ikawa kawaida kwamba anayesomea shahada ya ualimu wa sekondari huchukua masomo mawili ya kufundisha, pamoja na mafunzo ya ualimu wenyewe.

Desturi hiyo ingali hai. Katika Tanzania na Uganda shahada ya namna hiyo aghalabu huchukua miaka 3, na katika Kenya miaka 4. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu, iliyoundwa mwaka 1967, imekuwa ikitaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundisha, na imekuwa ikitazama alama alizopata katika kila moja ya masomo hayo tangu alipokuwa shuleni. Yaani huko somo la pili ni sharti la kazi.

Nilipomweleza sajini habari hizi, mkewe alitikisa kichwa akasema: "Basi hayo si mafiga mawili, Mwalimu. Ni matatu. Somo la kwanza, somo la pili, na kujua kufundisha." Nikaona aibu kidogo, kwa maana mimi niliyekwenda chuo cha ualimu sikuwa nimeliona hilo.

WALIOTUTANGULIA

Tutazame watu watatu ambao majina yao yanajulikana katika kila kambi.

Mwalimu Julius Nyerere, baada ya kupata mafunzo ya ualimu Makerere, alifundisha Baiolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akapata shahada mwaka 1952. Huko hakujifungia katika somo moja. Alisoma mambo kadhaa pamoja, yakiwemo uchumi, historia, falsafa na elimu ya jamii za watu. Baadaye alikuwa kiongozi wa nchi na papo hapo akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Upana ule haukupotea bure.

Yoweri Museveni alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, na masomo yake yalikuwa mawili: uchumi na siasa. Awe mtu anampenda au hampendi, hatakana kwamba masomo hayo mawili yalitazama kazi moja.

Wa tatu ni wetu, Dakta John Garang. Huyu alipita njia nyingine. Mwaka 1969 alimaliza shahada ya uchumi katika chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani. Kisha akaja Dar es Salaam kuchunguza uchumi wa kilimo cha Afrika Mashariki. Alishika bunduki, akaingia jeshini, akarudi darasani, na mwaka 1981 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kwa utafiti juu ya maendeleo ya eneo la Jonglei. Hakuyaunganisha masomo katika shahada yake ya kwanza; aliyaunganisha baadaye, kilimo na uchumi, hatua kwa hatua. Ni njia nzuri, lakini hesabu miaka: kutoka shahada ya kwanza hadi ya mwisho ilipita 12. Si kila nyumba inaweza kungoja hivyo.

RAMANI YA ASKARI

"Sawa," akasema sajini, "hao ni wakubwa. Lakini hesabu na jiografia vinakutana wapi?"

Nikamwuliza kama amewahi kusoma ramani kazini. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Nikamwambia: "Basi, Afande, unajua jibu kuliko mimi." Ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000 humwambia askari kwamba kila sentimita 1 juu ya karatasi ni mita 500 juu ya ardhi, sentimita 4 ni kilomita 2. Hiyo ni hesabu. Lakini ikiwa katika kilomita hizo 2 upo mto, au kinamasi, au mteremko wa mawe kama wa Jebel Kujur, basi saa za mwendo zitabadilika kabisa. Hiyo ni jiografia. Dira imegawanywa nyuzi 360. Hiyo ni hesabu tena. Askari ajuaye moja bila nyingine atapotea, ama atafika amechelewa.

Ndivyo ilivyo hata kwa raia. Tangu mwaka 2019 mafuriko makubwa yameikumba nchi yetu, hasa majimbo ya Jonglei na Unity, watu wakahama na ng'ombe wakafa. Maji yale yanahitaji watu wa kuyaeleza: yametoka wapi, yatapita wapi, yatakaa muda gani. Mtoto atakayefundishwa kupima mvua kwa chombo, kuandika vipimo kila siku, kisha kuvipanga na kuvilinganisha mwaka kwa mwaka, huyo amefundishwa masomo mawili kwa somo moja. Mwalimu wa kumfundisha hivyo ni yule aliyejifunza yote mawili.

Tena mifano si ya ualimu peke yake. Polisi aliyesoma sheria pamoja na elimu ya jamii ataandika taarifa iliyonyooka na pia atajua namna ya kumsikiliza mama aliyeibiwa. Ofisa wa ghala aliyesoma uhasibu na utawala atajua hesabu ya magunia na pia namna ya kuwapanga watu wanaoyabeba. Alama ya masomo yanayofaana ni hiyo: ukiwa katika moja, unajikuta unahitaji jingine.

MIMI NILIYEPONYOKWA

Hapo sajini aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Na wewe, Mwalimu, ulisoma mangapi chuo kikuu?"

Kwa miaka mingi majirani zangu wamedhani kwamba nina shahada, nami sikuwasahihisha. Jioni ile nilisema kweli, na sasa naiandika hapa kwa faida ya msomaji.

Nilijifunza Kiswahili nikiwa mtoto katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, na baadaye nikapata cheti cha ualimu. Nilipokwisha kuajiriwa nilijiandikisha katika chuo kimoja cha nchi jirani, nikachagua masomo mawili: Fasihi na Uhasibu. Fasihi niliichagua kwa kuwa naipenda. Uhasibu niliuchagua kwa kuwa mjomba wangu alisema huko ndiko kwenye fedha. Hakuna aliyeniuliza ni kazi gani itakayoyahitaji yote mawili, wala mimi mwenyewe sikujiuliza. Kweli yenyewe ni kwamba sikuchagua masomo mawili. Nilishindwa kuchagua moja.

Idara hizo mbili zilikuwa kama wake wenza wasiosemezana. Kila moja ilipanga saa zake kana kwamba sina kwingine. Katika mwaka wa pili mitihani miwili iliangukia asubuhi moja. Nilikwenda idara ya kwanza, nikaambiwa nizungumze na ya pili. Nikaenda ya pili, nikarudishwa kwa ya kwanza. Mwishowe nilifanya mtihani mmoja, na katika ule mwingine nikaandikiwa sifuri. Kurudia kulitaka ada nyingine na mwaka mwingine. Mwaka ule mwanangu aliugua, fedha zikaenda hospitali, nami nikarudi Juba na begi la vitabu bila karatasi yoyote.

Sajini alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakunihurumia. Alisema tu: "Sasa nakuamini zaidi." Kisha akaongeza: "Basi niambie nimwulize nini huyu mtoto."

MAMBO MATANO YA KUULIZA KABLA YA SAHIHI

Nilimwandikia maswali matano nyuma ya bahasha. Nayaweka hapa ili kila mzazi ayanakili.

La kwanza: Je, masomo haya mawili yanatazama kazi moja? Mtoto aeleze kwa maneno yake kazi anayoitamani, na namna kila somo litakavyomsaidia. Akiweza kueleza moja tu, na jingine akasema "nalipenda tu" au "rafiki zangu wanalichukua", basi mshaurini alifanye kuwa somo dogo, ama aliache.

La pili: Je, ratiba zinapatana? Hili huonekana dogo, lakini ndilo lililoniangusha. Msitosheke na maneno. Mtoto aende chuoni akatazame ratiba za masomo na za mitihani katika idara zote mbili, akaulize wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaosoma mchanganyiko huo huo. Ikiwa hakuna hata mmoja anayeusoma, aulize sababu. Mchanganyiko uliozoeleka chuoni umekwisha kutengenezewa njia. Mchanganyiko wa peke yako utalima njia mwenyewe.

La tatu: Je, ana nguvu katika yote mawili? Tazameni alama zake za sekondari. Katika shahada moja masomo hayo mawili huvutwa na kamba moja. Likianguka moja huburuta jenzake. Mwenye alama nzuri katika moja na dhaifu katika jingine atatumia saa zake nyingi kuliinua lile dhaifu, na lile zuri litafifia.

La nne: Je, mlango wa mbele uko wazi? Aulize kama inaruhusiwa kuacha somo moja baada ya mwaka wa kwanza. Aulize tasnifu ya mwaka wa mwisho ataiandika katika somo lipi. Na ikiwa ana nia ya kuendelea na shahada ya pili, aulize ni kozi ngapi za somo hilo zinazotakiwa, maana yule aliyegawa masomo yake nusu kwa nusu huweza kuambiwa kwamba kozi zake hazitoshi.

La tano linaihusu nyumba yenyewe. Masomo mawili ni vitabu vya namna mbili, waalimu wa namna mbili, na kazi za kuandika zinazodaiwa siku moja. Ikiwa mwanafunzi ni msichana, naye ndiye achotaye maji, apikaye na kulea wadogo zake, basi nyumba imemwongezea somo la tatu lisilo na alama. Baba aliye askari huweza kuhamishwa wakati wowote. Mama ndiye atakayebaki na mpango huo. Kwa hiyo kaeni mgawane kazi mapema: nani atachota maji siku za mitihani, taa itawaka kwa mafuta ya nani, na nauli itawekwa wapi ili isiguswe. Kaka zake nao wana mikono.

MIAKA HAINA MDHAMINI

Liko jambo moja zaidi, nalo ni la kwetu hasa.

Wazee wetu wanakumbuka namna Chuo Kikuu cha Juba kilivyozaliwa. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalileta amani, na mwaka 1975 chuo kikaanzishwa. Mwaka 1977 wanafunzi wakaanza masomo. Lakini vita vilirudi mwaka 1983, na mwaka 1989 chuo kikahamishwa hadi Khartoum, mbali na mji uliokipa jina. Kizazi kizima cha vijana wa Juba kilikua bila kukiona. Kilirudi nyumbani wakati wa uhuru wetu wa mwaka 2011. Baadaye tena, Desemba 2013 na Julai 2016, risasi zililia katika mji huu, na wengi wetu tunajua ni kijana gani aliyeacha kitabu wazi mezani asirudi kukifunga. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga madarasa dunia nzima.

Sisemi haya ili kuwatia watu hofu. Nasema kwa sababu mzazi wa nchi nyingine anaweza kumwambia mwanawe: "Soma hili kwanza, jingine utasoma baadaye." Kwetu sisi, neno "baadaye" halina mdhamini. Ikiwa kijana anaweza, ndani ya miaka ile ile na kwa ada ya kozi moja, kutoka na masomo mawili yanayosaidiana, basi amebeba akiba katika mfuko ambao hakuna awezaye kuupora njiani. Shule ikikosa mwalimu wa hesabu, yupo. Ikikosa wa jiografia, yupo. Akihamia na mumewe kambi nyingine, au nchi nyingine ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tulijiunga nayo mwaka 2016, atakuta shule zinazouliza swali hilo hilo: "Unafundisha masomo gani mawili?"

Lakini kwa sababu hiyo hiyo, yule anayechukua masomo mawili bila kuuliza ratiba, kama nilivyofanya mimi, anaweza kuupoteza mwaka ambao hataupata tena. Upungufu wa miaka unatutaka tuwe wapana, tena unatutaka tuwe waangalifu.

SAHIHI

Sajini aliichukua bahasha akaenda nayo. Usiku ule ule alimwita binti yake, akamwuliza maswali yote matano mmoja mmoja, kama anavyouliza kituoni. Baadaye mama yake alinisimulia kwamba la kwanza alilijibu vizuri sana, la tatu pia, lakini la pili lilimshinda: hakuwa ameiona ratiba. Baba hakutia sahihi. Alisema: "Lete ratiba." Msichana alilala akilia.

Baada ya siku tatu alikuja kwangu na daftari. Alikuwa amekwenda chuoni kwa miguu, akanakili kwa mkono ratiba za idara zote mbili, na kwa kalamu nyekundu akazungushia duara mahali pamoja ambapo saa ziligongana, katika mwaka wa pili. "Lakini nimeuliza, Mwalimu," akasema. "Wapo wanafunzi saba wanaosoma mchanganyiko huu. Somo hilo hufundishwa mara mbili kwa juma, nao huhudhuria lile kundi la pili." Nikalitazama duara lile jekundu kwa muda mrefu. Laiti ningalikuwa na daftari la namna ile katika ujana wangu.

Sajini alitia sahihi siku ile, kwa herufi kubwa, jina kamili na namba yake ya kazi, kana kwamba anaandika katika kitabu cha zamu. Alipomaliza alimwambia bintiye maneno haya tu: "Umeshika mbili. Sasa kaza mkono."

Safari ya miaka minne ndiyo kwanza inaanza, wala mimi si mtabiri wa kusema itaishaje. Mama yake bado anauza chai, na sasa kaka mdogo ndiye achotaye maji siku za juma.

Basi ndugu msomaji, uliye kambini au kituoni, nawe mama uliyebaki na watoto: ikiwa fomu ya namna hii iko mezani kwako usiku huu, usiitie sahihi kwa haraka, wala usiikatae kwa methali moja. Methali zetu ni nyingi, na kila moja ina siku yake. Mwite mwanao, mwulize maswali, kisha umsikilize mpaka mwisho. Ukiona masomo yake mawili yanabeba chungu kimoja, msaidie kukoka moto.